Njia ya Mkato

Gauni la kwanza kulipunguza baada ya upasuaji lilikuwa langu mwenyewe, la kitenge cha kijani, nililolishona kwa ajili ya arusi ya mdogo wangu. Nilipofumua pembeni nilikuta akiba ya kitambaa nimeikunjia ndani, inchi mbili kila upande. Mafundi wenzangu wanaijua hiyo. Mteja mnene unamwachia akiba, maana atarudi. Miaka 18 nimekaa kwenye cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na kila gauni langu nililiwekea akiba ya kuongeza. Siku ya kupunguza sikuwahi kuiwaza.

Nina umri wa miaka 43. Oktoba 2023, nikiwa na kilo 132 kwa urefu wa sentimita 162, nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kukatwa tumbo ili nipungue. Presha nilikuwa nayo, sukari ilikuwa inabisha hodi, magoti yalinisimanga kila nikiona ngazi, na mume wangu alishazoea kulala na mkoromo wangu kama mtu aliyepanga jirani na mashine ya kusaga. Kujinyima nilijaribu mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Zikishuka kilo 15, zinarudi 20. Basi nikauza kiwanja changu cha Pongwe, nikalipa.

Mjomba wangu hakuamini. "Umeuza ardhi ili ule kidogo?" akaniuliza mbele ya watu. "Mbona kula kidogo ni bure?"

Akaongeza kwamba Wazungu wamenigeuza panya wa majaribio. Nikamwambia mambo haya si ya juzi, mjomba. Daktari mmoja wa upasuaji kule Iowa, Marekani, Edward Mason, alianza mwaka 1966, baada ya kuona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikuwa wanakonda na hawanenepi tena. Mjomba akatafakari. "Kwa hiyo walianza na wagonjwa wa vidonda, sasa wamefika kwa mafundi cherehani."

Na kila anayesikia anasema, "Aa, ile ya puto." Hapana. Puto huingizwa kwa mdomo likakaa tumboni miezi kadhaa kisha likatolewa, mtu akabaki na tumbo lake kamili. Langu lilikatwa kwa urefu, karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula ikatolewa nje na kutupwa, na kilichobaki kikabanwa kwa pini ndogo za titani. Hakuna kurudishia. Daktari alinichorea kwenye karatasi, akachora kitu kama ndizi. Halafu akasema kwa Kiingereza upasuaji huu umeitwa kwa jina la mkono wa nguo. Hapo ndipo nilipoelewa. Mkono wa gauni naujua. Naujua ukibana, naujua mahali unapopasuka mtu akilazimisha.

Wifi yangu ndiye wa kwanza kusema nimechukua njia ya mkato. Wengine wakafuata, na mpaka leo nasikia. Mkato upo, sibishi, na makovu yake matano ninayo. Ufupi wa njia ndio ninaoutafuta mwezi wa ishirini huu.

Wiki mbili kabla ya upasuaji nilikunywa tu: supu ya kuchuja, maziwa yasiyo na mafuta, unga wa protini. Sababu ni ini. Ini la mtu mnene hujaa mafuta, likavimba, likalalia tumbo, na mpasuaji anapaswa kupita chini yake. Likinyimwa chakula siku chache linasinyaa, anapata nafasi. Hilo niliwaeleza wote walioniuliza kwa nini nadhoofika kabla hata sijakatwa.

Nusu kaputi ikanichukua asubuhi. Niliamka na maumivu ya bega la kushoto yaliyonishangaza kuliko ya tumbo. Nikafikiri wameniangusha wakati wa kunihamisha kitanda, na kwa kilo zile nisingemlaumu mtu. Nesi akacheka. Kwenye upasuaji wa matundu wanajaza tumbo kaboni dayoksaidi ili kamera ione vizuri, na inayobaki inachokoza kile kiwambo kilicho chini ya mapafu. Mishipa yake ya fahamu inapeleka taarifa begani. "Inuka utembee, mama, itatoka." Jioni ileile nikatembea, na soksi zile za kubana, huku dripu ikining'inia kama mtoto anayevutwa. Kutembea si kwa ajili ya gesi peke yake. Damu ikilala inaganda miguuni, na bonge likipanda kwenye mapafu habari inakuwa nyingine.

Waliniambia vitu vya kuogopa: homa, moyo kwenda mbio bila sababu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hiyo ni dalili kwamba mshono unavuja. Neno mshono kwa fundi ni neno la kazi, lakini wiki ile lilinitoa usingizi. Nilijipima mapigo usiku kwa saa ya ukutani ya shangazi yangu wa Magomeni, nilikofikia. Nikikohoa najishika tumbo kwa mto, nisije nikafumuka.

Shangazi aliniwekea kikombe cha kahawa, vile vidogo vya barazani visivyo na mkono. Kikombe kimoja, nusu saa. Ukiwahi, kifua kinabana kama umemeza jiwe. Lengo ni lita moja na nusu kwa siku, na siku za mwanzo nilifika nusu yake tu. Nilijifunza kwamba maji nayo ni kazi, yana zamu. Nilikuwa nashika kikombe toka alfajiri mpaka usiku kama wazee wa baraza, ila bila habari za siasa.

Hospitali ilinipa karatasi ya chakula. Wiki mbili vinywaji, kisha vya kusaga, kisha laini, na kuanzia wiki ya sita au ya saba taratibu vya kawaida. Mpangilio mzuri, lakini vyakula vilivyoandikwa! Jibini laini, shayiri, brokoli ya mvuke, kifua cha bata mzinga. Niliigeuza karatasi nione kama nyuma wameandika na ndege ya kunipeleka huko viliko. Mtaalamu aliyenipa alikuwa Mswahili kama mimi, amekula dagaa tangu akiwa hana meno, na bado karatasi yake haikuwa na dagaa hata mmoja. Sikumlaumu sana, alipewa naye. Nilichukua kalamu nikaandika upya: supu ya pweza iliyochujwa, mtindi, uji mwepesi wa ulezi wenye unga wa dagaa, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa miiba, yai. Nilipompigia simu kumsomea, akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni bora kuliko ya kwangu."

Protini ndiyo sheria. Gramu 60 hadi 80 kila siku, la sivyo mwili unaanza kula misuli yake. Yai moja lina gramu kama sita. Piga hesabu, kwa tumbo linalojaa kwa mayai mawili. Ndiyo maana protini inaliwa kwanza, mboga baadaye, wali ukipata nafasi. Na maji hayachanganywi na chakula. Unasubiri nusu saa. Sisi tuliolelewa kushushia!

Sasa njaa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna aliyeniandaa.

Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua homoni inayoitwa grelini, inayotolewa zaidi na ile sehemu ya juu ya tumbo, na kazi yake mojawapo ni kuuambia ubongo kwamba muda wa kula umefika. Sehemu hiyo ndiyo niliyokatwa. Kwa hiyo njaa iliondoka, si kupungua, kuondoka kabisa, kama mpangaji aliyehama usiku. Nilikuwa nashona mpaka saa nane mchana, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na mwili wangu kimya. Ilinibidi niweke kengele kwenye simu ili nile. Maisha yangu yote nilipigana na adui, halafu siku moja nafika uwanjani simkuti. Unaweza kudhani nilifurahi. Nililia. Nilikuwa sijui tena nikae wapi jioni, niufanye nini mkono wangu wa kulia, siku inaishaje bila chakula kuifunga.

Maana hamu haikuondoka. Hamu inakaa kichwani, na kichwa hawakukikata. Nikisikia harufu ya vitumbua vya jirani saa kumi na mbili asubuhi, tumbo halisemi kitu, lakini roho inasimama mlangoni na pochi mkononi.

Nilirudi Tanga wiki ya nne. Mama alikuwa ananisubiri na wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari, vyote kwenye sahani ile ya maua mekundu ambayo haitoki kabatini mpaka kuwe na sababu. Nilikuwa bado kwenye vya kusaga. Nikamwambia, mama, siwezi. Akasema onja. Nikachota rojo la nazi kwenye ncha ya kijiko, nikaweka ulimini. Akaniangalia. Nikaweka kijiko chini.

"Chakula changu kimekuwa sumu?"

"Sivyo, mama."

"Nimekulea kwa mikono hii. Leo unakitazama kama umekiokota."

Akaondoa sahani, akaenda kuifunika jikoni, na sikumsikia tena mpaka magharibi. Mama yangu hajawahi kuniambia ananipenda, hata siku moja, wala simlaumu, kwetu maneno hayo yanatamkwa kwenye filamu. Yeye ana pakulio. Akikufurahia anakuongezea, akikukasirikia anakupakulia vizuri halafu hasemi, na akikuhurumia anakuwekea kichwa cha samaki. Mimi nilikuwa nimekwenda Dar kukatwa masikio ya lugha hiyo bila kumtaarifu.

Tulikaa hivyo miezi. Kila sahani ikija mbele yangu ilikuwa kesi. Ukila robo ya sahani yako mbele ya Waswahili, umetangaza jambo: unaringa, unaumwa, unamshuku mpishi, au umekula kwa mwingine. Mwenye nyumba anaangalia kilichobaki, na wewe unaona anaangalia. Nilijaribu kila mbinu. Nilijaribu kusukuma chakula pembeni kama mtoto. Nilijaribu kuzungumza sana. Siku moja ugenini nililazimisha matonge matatu ya ugali kwa aibu, la tatu likagoma. Anayejua atanielewa: kitu kinakwama hapa chini ya kifua, mate yanaanza kujaa mdomoni, mazito, ya povu, na kinachofuata unatafuta choo cha watu usiokijua. Niliporudi sebuleni mwenyeji alikuwa ameniongezea.

Ukombozi niliukuta kwenye hitima ya mzee mmoja wa mtaa wa jirani, miezi sita baada ya upasuaji. Wanawake tuliandaliwa ndani, pilau kwenye sinia, watu watano watano. Nikakaa na moyo mzito nikijua kitakachotokea. Kikatokea kingine. Nilikula matonge madogo manne, nikatafuna kila moja mpaka likawa uji, nikachambua kanyama nikakatafuna polepole, na muda wote mkono wangu unakwenda na kurudi kama wa wenzangu. Sinia likaisha. Hakuna aliyejua nimekula nini. Mama mmoja mtu mzima akaniambia, "Mashallah, umekula vizuri." Sinia halina kilichobaki cha mtu. Sahani ndiyo yenye jina.

Niliporudi nyumbani nikamwomba mama tuanze kula sinia moja, mimi, yeye na mume wangu. Akaniangalia kwa shaka. Lakini sinia likatoka kabatini.

Wakati huo mwili ulikuwa unashuka kweli. Kilo 10 mwezi wa kwanza, kisha sita, kisha tano. Na mji mdogo una macho. Tanga ya baiskeli, mtu anakupita anakugeukia mpaka anakaribia kugonga gari. Kwetu kunenepa ni habari njema. Ukinenepa unaambiwa umependeza, maisha yamekukubali. Ukikonda haraka, watu wana jibu moja wanalolijua tangu miaka ya tisini. Amekanyaga miwaya, yaani ana virusi vya Ukimwi. Na mimi nilikuwa na ushahidi wote: nimekonda, nywele zinatoka, na juu ya meza ya cherehani nina vidonge ninavyomeza kila siku kwa saa maalumu.

Nywele ni jambo la kupita. Mwili ukipata mshtuko mkubwa nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, zinadondoka mwezi wa tatu mpaka wa sita hivi, kisha zinaota. Vidonge ni vya maisha. Vitamini, B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, na kwa miezi sita ya mwanzo dawa ya kuzuia mawe kwenye nyongo, maana kukonda haraka huyatengeneza. Chuma na kalsiamu havipatani, unaviachanisha saa mbili, na chai ya rangi inakizuia chuma kufyonzwa vizuri, kwa hiyo kikombe changu cha saa nne asubuhi nacho kikahamishwa. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo fundi yeyote mwenye mgongo anaijua kwa jina, nimekatazwa, maana inaweza kuleta vidonda vya tumbo.

Mteja mmoja wa siku nyingi alikuja kuchukua dera lake, akavitazama vile vidonge, akashusha sauti. "Dada, siku hizi dawa za kufubaza virusi zinasaidia sana. Usikate tamaa." Alikuwa na nia njema, ndiyo iliyonimaliza. Nilifungua mdomo kukana kwa nguvu, nikaona aliyekuwa anasubiri nyuma yake kwenye benchi. Huyo nilijua anatumia, aliniambia mwenyewe mwaka ule alipofiwa na mumewe. Alikuwa ameinamisha macho kwenye kanga yake. Nikimkana huyu kwa kelele, yule nitakuwa nimemwambia nini? Nikasema, "Asante, nazimeza kwa wakati." Akaondoka ameridhika. Najua kilichosemwa sokoni jioni ile. Wateja wawili hawakurudi, na mmoja wao ana deni langu.

Uzembe pia niufiche? Mwezi wa saba nilijiona mzima, vidonge nikaviacha. Mwezi wa tisa nilikuwa nashindwa kukanyaga cherehani dakika kumi bila kupumzika, vidole vinawaka ganzi, sindano siihisi. Damu ilikuwa imeshuka, B12 iko chini. Nikapigwa sindano, nikakaripiwa na daktari kwenye simu kwa sauti ya baba. Sijaviacha tena.

Idi ya kwanza ilinikuta na adabu kidogo. Kaimati tatu na glasi ya juisi ya ukwaju, yenye sukari ya sikukuu. Dakika kumi na tano baadaye jasho linanitoka kama nimemwagiwa, moyo unakimbia, masikio yanavuma, tumbo linanikata. Nikalala chini sebuleni na gauni langu jipya. Sukari nyingi ikishuka kwa kasi kwenye utumbo ndivyo inavyofanya, na inapita yenyewe. Lakini nani wa kueleza? Mama mkubwa alikuwa ameshaanza Yasini. Alipofika katikati nikafumbua macho, akaendelea mpaka mwisho, akasema dua yake imejibiwa. Nimemwachia sifa hiyo.

Ramadhani ya mwaka 2024 daktari alinikataza kufunga, nikabaki na deni la siku. Ya 2025 aliniruhusu. Wengi wanafikiri tumbo dogo linarahisisha saumu. Njaa, ndiyo, haikunisumbua. Kazi ilikuwa usiku. Toka magharibi mpaka alfajiri una saa kumi na nusu hivi tu, na ndani yake uingize lita moja na nusu ya maji kwa vikombe vya kahawa, na protini zako, bila maji kukutana na chakula, na tarawehe, na usingizi. Nilifuturu kwa tende moja na maji kidogo, nikasubiri, supu, nikasubiri. Wenzangu wanalala, mimi niko kwenye ratiba kama treni. Siku ya kumi na mbili nikaona mkojo umekuwa wa rangi ya chai, nikafungua. Zile nilizomudu nilizimudu, nyingine nazilipa Jumatatu na Alhamisi.

Mume wangu hasemi sana. Miezi ya kwanza alikuwa anaamka usiku mara mbili, tatu, anawasha tochi ya simu. Nikamuuliza anatafuta nini. "Kimya," akasema. Mkoromo ulikuwa umekwisha, naye kila akishtuka akikuta chumba kimya alidhani nimekufa. Siku hizi analala. Mwenzangu wa chipsi za saa tatu usiku nilimpokonya pia, na hilo hajanilaumu, ila nikimwona anakula peke yake kibarazani naona haya kidogo, sijui kwa nini.

Kuhusu ngozi, sitakwepa. Kilo zimeondoka, kitambaa kimebaki. Mikono inaning'inia, tumbo limekunjamana kama bitana iliyokatwa kubwa kuliko gauni, na kwa joto la Tanga la Februari mikunjo inaungua, inataka kukaushwa na poda asubuhi na jioni. Kuna upasuaji wa kuikata, lakini sina kiwanja kingine. Kwa hiyo najishonea mikono mirefu, ya kitambaa chepesi, na sasa wateja wameiga mshono ule wakidhani ni fasheni.

Kilo 87 nilifika mwezi wa kumi na sita. Nikapanda baiskeli kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20, mpaka Raskazone, nikakaa kwenye ukuta nikitazama bahari, nikarudi. Nikajiona nimemaliza.

Leo nina 91. Nilipoziona kilo nne zile kwenye mizani nilishuka, nikapanda tena, nikaisogeza mizani pembeni kwenye sakafu iliyonyooka. Daktari hakushtuka. Alinieleza utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987, watu 4,047, karibu nusu yao waliofanyiwa upasuaji na nusu hawakufanyiwa. Waliopasuliwa walishuka sana mwaka wa kwanza na wa pili, kisha baadhi ya kilo zikarudi, lakini hata baada ya miaka 15 uzito wao ulikuwa chini kuliko walivyoanza. Na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi upande wao. "Zako nne umezipata wapi?" akaniuliza.

Najua nilikozipata. Muhogo wa kukaanga, ule mwembamba wa pakiti, wenye pilipili. Nyama inajaza tumbo langu kwa vipande vitatu, lakini muhogo ule unavunjika mdomoni, unateleza, haukai. Unaweza kula kimoja kimoja toka saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, huku mguu unakanyaga, na tumbo halitakuja kukwambia basi. Na njaa nayo imeanza kurudi, ndogo, ya saa kumi jioni. Nilipoisikia mara ya kwanza niliogopa, kisha nikajikuta natabasamu peke yangu kwenye cherehani, kama mtu aliyemsikia mtani wake wa zamani mlangoni.

Mama naye ametafuta njia yake. Sinia tunalo la mchana, lakini sinia halimtoshi, anataka kupakua. Sasa usiku anapakua sahani yangu ya maua mekundu kamili kama zamani, kisha mwenyewe anaigawa katikati kwa kijiko. Nusu nakula saa moja. Nusu anaitia kwenye kibakuli chenye kifuniko, na saa nne usiku anavuka uwanja na kandambili zake, anagonga dirisha la chumba cha kushonea.

Juzi kaja nikiwa na nguo za arusi za watu. Akaweka kibakuli juu ya vitenge, akafungua kifuniko ili nione: samaki changu aliyechambuliwa, wali kidogo, mchuzi umeganda pembeni. "Nusu yako hii," akasema. Halafu akainama, akaokota pakiti iliyokuwa chini ya cherehani, akaitikisa karibu na sikio lake kusikia kama imebaki.

"Na hii ni nusu ya nani?"